Deni la Baridi

Kila baada ya siku kumi na moja, pengine tisa,
mashine ilikufa.
Si kifo cha kelele. Ilishiba tu, ikanyamaza,
na mabomba ya maji moto chini ya mitaa ya Oulu
yakabaki bila wa kuyahesabia joto.
Tukaiwasha upya, tukasema imepona.
Tuovi akaandika kwenye kalenda ya jikoni, kwa wino mwekundu,
"Kuwasha", kati ya "Maziwa" na "Daktari wa meno".

Tarehe tatu Februari nikasema basi.
Nikaketi, soksi mbili kila mguu,
nikaichora kumbukumbu inavyopanda.
Upande wa Java ni meno ya msumeno, juu, chini, juu, chini,
maana huko kuna mfagizi.
Humwoni, ila anapita;
kilichosahauliwa anakizoa, hamdai mtu.
Watoto wa Java hukua bila kuosha sahani.

Ng'ambo ya daraja hakuna mfagizi.
Huko ni C. Ukiomba baiti elfu nne
unapewa papo hapo, bila swali, bila risiti,
wala hapana atakayekukumbusha kurudisha.
Kukopa harusi.
Matanga huja siku ya kumi na moja.

Nilisoma mistari elfu mbili na mia sita.
Kila safu iliyoazimwa nikaitafutia ilikorudishwa,
kila rejea iliyofungwa fundo, ilipofunguliwa,
nikitia alama kwa penseli kama mwenye duka na daftari lake:
huyu kalipa, huyu kalipa, huyu naye kalipa.
Ilpo Vääräniemi alikuwa fundi safi.
Alifunga msimbo kama kamba za viatu vya mtoto,
fundo juu ya fundo.

Wote walikuwa wamelipa.
Na bado ilivuja.

Tuovi alikuja na kahawa, hakuitazama grafu yangu ya wiki.
Alifungua ya mwaka.
"Julai haikufa."
"Julai tulikuwa likizo."
"Sisi, ndiyo. Mashine haikuwa."
Agosti haikufa. Oktoba haikufa.
Novemba mara moja, ile wiki gari lake lilipogoma.
Januari tuliacha kuhesabu.

Nikarudi mstari wa mia nne na kumi na mbili.
Kihisi kikisoma chini ya nyuzi ishirini na tano hasi,
msimbo unasema: hili ni kosa, si joto,
nao unatoka.
Unatoka dirishani.
Mlangoni, mistari saba chini, ndipo panapolipwa deni,
na usiku wa baridi hapana anayepita mlangoni.

Nilimpigia Ilpo. Amestaafu Kemi, anaranda mbao;
nilisikia randa ikisita.
"Niliandika Juni," akasema.
"Jua lilizama dakika chache, likajuta, likarudi.
Madirisha yote wazi, mbu wanatembea kwenye kioo cha kompyuta."
"Lakini wewe ni mtu wa huku. Baridi uliijua."
"Niliijua. Kama mtu anavyojua kwamba kuna kufa."
Kisha: "Kikombe changu cha buluu bado kipo?"
Nikakitazama, kahawa ya Tuovi ikifuka ndani yake.
"Kipo."
"Haya."

Dawa ilikuwa mistari mitatu.
Nilipigilia dirisha, nikawapitisha wote mlangoni,
wenye joto na wenye kosa,
kila mmoja aache alichoazima.
Kazi ya dakika nne, baada ya miaka sita.

Halafu tukangoja, na kungoja hakuna grafu.
Siku ya tisa, nyuzi thelathini na moja hasi;
pua zilishikamana tulipovuta pumzi.
Siku ya kumi na moja hatukuzungumza.
Siku ya kumi na mbili mstari ulikuwa umelala,
bapa, mweupe, haudai.

Tuovi alichukua kalamu, akalikata neno "Kuwasha".
Akasimama kidogo, kofia ya kalamu mdomoni.
Maziwa tulikuwa tumesahau.